Fundi viatu wa Kamalondo: soli ya tairi kwa mtu wa kusimama kutwa

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayotafutwa. Soli nzima ya tairi kwa jozi moja ni faranga 25,000 za Kongo. Kushona upya pembeni 5,000. Kisigino peke yake kati ya 4,000 na 6,000, kutegemea ameamkaje. Hatoi risiti, hapokei pesa ya simu, na ukimpa noti ya dola ataiinua juani kutafuta tundu, kama wanavyofanya wafanyabiashara wote wa Lubumbashi. Ikiwa na mpasuko hata wa ukucha, utarudi nayo nyumbani. Nusu unalipa unapoacha viatu, nusu unapovichukua.

Anakaa Kamalondo, mitaa ya nyuma ya uwanja wa TP Mazembe, chini ya mwembe, amezungukwa na vipande vya tairi na makopo ya gundi. Hana kibao. Ulizia papa wa tairi (papa kwetu ni baba), watoto watakufikisha.

Mimi ni polisi wa barabarani, mama wa watoto watatu. Nasimama kwenye njia panda ambako malori ya shaba na kobalti yanapita kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kati ya lori na lori wanajipenyeza manseba na pikipiki zao, teksi zinazosimama popote abiria aliponyoosha kidole, na wale wanaosukuma baiskeli za makaa, magunia yamewazidi kimo. Mwaka uliopita ulikuwa mgumu kuliko yote niliyofanya kazi hii. Mwenzangu wa zamu aligongwa usiku na pikipiki isiyo na taa, mguu ukavunjika, na kwa muda mrefu nikabeba zamu zake juu ya zangu. Ukiniuliza ni nini kilinifikisha mwisho wa mwaka huo, baada ya Mungu na mama yangu aliyekuwa akinilelea watoto, nitakutajia viatu.

Viatu vya kazi nilivyopata vilikuwa namba 42. Mguu wangu ni 39. Wanawake wenzangu wa sare wanaijua hadithi hii: unajaza vitambaa kwenye ncha, unavaa soksi mbili mbili, unakaza kamba mpaka damu inagoma, na bado kisigino kinapanda na kushuka ndani hadi ngozi inatoka. Nikaona bora ninunue vyangu. Sokoni nikapata vipya, vyeusi, vinang'aa, dola 18 baada ya kubishana sana. Mvua ya kwanza ya Novemba, soli ya kulia ikaachana na kiatu nikiwa katikati ya barabara, mkono juu, magari ya pande zote yamesimama. Nilivuta mguu, soli ikabaki kwenye maji. Kijana mmoja akatoa kichwa dirishani: "Shefu, kilato yako inabakia!" Njia panda nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao, ningefanya nini.

Ikabidi nirudi kwenye zile 42, zimefunguka mdomo mbele, nimezibana kwa waya. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hakuna mkufunzi aliyenifundisha. Dereva ukimsimamisha, macho yake hayaanzii usoni kwako. Yanaanzia chini. Anatazama viatu, anapiga hesabu, na akiona kiatu kimechoka, mkono unakwenda mfukoni kabla sijamsabahi. "Mama, kamata ya mayi," yaani pesa ya maji. "Ya watoto." Hata kama nimemsimamisha kumwambia tu kwamba mlango wake wa nyuma haujafungwa vizuri. Ameshaamua kwamba nimesimama pale kwa sababu ya njaa, na kila nitakalosema baada ya hapo, liwe leseni, liwe bima, liwe tairi lisilo na meno, kwake ni kupandisha bei.

Nilipoanza kuvaa soli za papa huyu, ile mikono ya mifukoni ilipungua. Haikwisha, tusidanganyane. Lakini mazungumzo yakaanza kuanzia kwenye karatasi za gari badala ya noti, na mtu anayekupa karatasi kwanza unaweza kuzungumza naye. Sisemi kiatu kinamfanya mtu kuwa mwaminifu. Nimewaona wenye viatu vya dola mia wakinyoosha kiganja bila haya. Nasema kiatu kizima kinamnyima dereva kisingizio cha kukuhurumia.

Kilichonifanya nimwamini fundi huyu ni vipimo. Nilimfikia asubuhi, kiatu mkononi, akakataa kukigusa. "Mama, kuya mangaribi, ukitoka kazi." Nikadhani ananizungusha. Niliporudi jioni, miguu imevimba kama kawaida yake, akafurahi: huo ndio mguu alioutaka. Mguu wa asubuhi, alisema, ni wa kwendea kanisani. Akatandaza kipande cha katoni chini, akaniambia nisimame juu yake vile ninavyosimama kazini, nisijikaze kama niko kwenye gwaride. Akanizunguka, akatazama magoti yangu kutoka nyuma, akasema naegemea kushoto. Niliporudi kazini nikajichunguza: kweli. Malori yanatokea kulia kwangu, na mwili wenyewe umejifunza kukaa tayari kuruka upande wa pili.

Akachora mguu kwa penseli ya seremala, akiisimamisha wima kabisa ili mstari usiingie chini ya unyayo. Kisha akabonyeza kwa kidole gumba, kidole kwa kidole, kisha kisigino, kisha ule mfupa wa pembeni, akiuliza wapi panauma. Kila penye "hapo" aliweka alama ya x kwenye katoni. Ile katoni bado anayo, imetundikwa kwenye msumari pamoja na za wateja wengine. Yangu imeandikwa POLISI MAMA.

Kwa zile 42 alikata soli mbili za ndani, ya chini ya ngozi ngumu, ya juu ya kipande cha zulia, na palipo na x akachimba vishimo vidogo ili mfupa upate pa kukaa. Nyuma ya kisigino akashona kijimto cha ngozi. Ulimi wa kiatu akauongezea unene ili mguu usiteleze kwenda mbele. Kiatu bado ni 42 kwa nje, ukikitazama ni kikubwa, lakini mguu umeshikwa.

Halafu tairi lenyewe. Matairi mengi ya malori ya siku hizi yana waya za chuma ndani. Zinaharibu kisu, na zikichomoza zinaharibu mguu. Yeye huyatafuta yale ya nyuzi za nailoni, ambayo yanazidi kuadimika, na ndiyo sababu anayoitoa bei inapopanda. Anakata kwa kisu kilichochovywa kwenye maji ya sabuni ili mpira usikishike. Anapiga msasa mpaka uso wa mpira uwe na vinyweleo. Gundi anapaka pande zote mbili, kiatu na soli, kisha anaviacha. Hapa ndipo wateja wanapogombana naye, maana wanamwona amekaa tu anakunywa munkoyo. Anasubiri gundi ikauke mpaka ukiigusa haing'ang'anii kidole, ndipo anavikutanisha na kuvipiga nyundo. Masika gundi inachelewa, na hakuna atakachofanya isipokuwa kusubiri zaidi. Mwisho anazungusha mshono kwa msharasi na uzi uliopakwa nta. Gundi bila uzi anaiita kazi ya watu wa haraka. Vile viatu vyangu vya dola 18 havikuwa na mshono hata mmoja. Ile mistari ya pembeni ilikuwa imechorwa kwenye plastiki.

Sasa malalamiko, maana yapo.

Mara ya kwanza alikosa tairi la nyuzi, akatumia la waya bila kunieleza. Kabla wiki haijaisha waya ukachomoza kwenye kidole kidogo cha kushoto, ukatoboa soksi. Nilimrudishia kwa hasira. Hakubishana, akabadilisha soli zote mbili bila kudai faranga, ila nilisubiri, na wakati huo wote nilikwenda kazini na raba za mwanangu mkubwa. Kwa hiyo ukifika, muulize tairi ni la aina gani na umwambie akuonyeshe ukingo uliokatwa. Waya unaonekana kwa macho.

Ucheleweshaji ni tatizo la pili, nalo lina siasa yake. Papa huyu ni mtu wa Lupopo, timu ya mpira hasimu wa Mazembe. Kukaa hatua chache kutoka uwanja wa Mazembe ukiwa mtu wa Lupopo kunahitaji moyo, na heshima yangu anayo, lakini Lupopo ikifungwa kazi inalala. Akikwambia "siku ya tatu", na Jumapili iliyopita kulikuwa na mechi, hesabu siku ya posho, yaani Jumamosi.

Uzito nao. Soli ya tairi si nyepesi. Wiki ya kwanza mapaja yaliniuma nikashindwa kupanda ngazi za kwa dada yangu. Mwili unazoea, lakini kama kazi yako ni ya kutembea umbali mrefu, si ya kusimama, mwambie akukatie nyembamba. Na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, lami ikiwa imechemka tangu saa nne asubuhi, mpira mweusi unavuta joto lote. Zulia la ndani linasaidia kidogo. Kuvua viatu dakika chache mchana kunasaidia zaidi. Juni na Julai mambo yanageuka: alfajiri za Lubumbashi zinauma, tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na unene uleule uliokuwa adui mwezi wa kumi unakuwa rafiki.

Kwenye mvua ndipo soli hizi zinaponyoosha kifua. Nilimwomba aache meno ya tairi yatazame chini, kwa sababu tairi lililoisha, likikutana na rangi nyeupe za kivuko zilizolowa, ni sabuni. Februari, mvua ikinyesha na mtaro umefurika mpaka barabarani, lori lililopakia lilishindwa kusimama. Nililisikia kabla sijaliona, breki zikilia na bado linakuja. Niliruka nyuma, mguu wa kushoto ukashika lami, nikabaki nimesimama. Dereva alishuka anatetemeka kuliko mimi. Nilimpa maji.

Kushika lami kuna faida nyingine isiyoonekana. Sheria ya barabara tunayoitumia ni ileile namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na kwa sheria hiyo mkono wa polisi una nguvu kuliko taa. Mkono juu wima, wote wanasimama. Ni rahisi kuandika, lakini mkono mmoja unaamrisha kama tu mwili ulio chini yake umetulia. Mguu ukiuma unahama. Ukihama nusu hatua, manseba anaona mlango umefunguliwa, na nyuma yake wanakuja wanne. Nilipokuwa na viatu vibovu nilipuliza filimbi kutwa, nikarudi nyumbani bila sauti, watoto wakiniuliza nimekasirikia nini. Sasa filimbi naitumia kidogo. Ningependa kusema ni uzoefu, lakini nina miaka mingi kazini na uzoefu huo ulikuwepo hata nilipokuwa nachechemea.

Kuna wanaosema tungebadilishwa na roboti za kuongoza magari tu. Kinshasa waliziweka mwaka 2013, kazi ya wahandisi wa nyumbani wakiongozwa na mama mmoja, Thérèse Izay, zinatumia nguvu ya jua, na baadaye zikafika hata huku kwetu. Wengine wanasema wanaziheshimu kwa sababu hazinyooshi kiganja, na siwezi kuwakatalia. Lakini roboti haivuki barabara kwenda kuongea na dereva, na Lubumbashi kuvuka ni nusu ya kazi. Magari mengi hapa yana usukani wa kulia, yameingia kupitia Zambia na Tanzania, nasi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Maana yake dereva amekaa upande wa mtaro. Mimi niko katikati, ninayeonana naye dirishani ni abiria, mara nyingi mama mwenye kikapu ambaye hahusiki na chochote. Ili nimfikie mwenye usukani lazima nilizunguke gari lote. Fanya hivyo kutwa, kwa viatu vinavyopanda na kushuka kisiginoni, halafu uniambie kuhusu utu na upole kwa raia. Mwaka huo nilijifunza kumsalimia kwanza yule mama wa kikapu. Yeye ndiye anayemwambia dereva asiwe mkaidi.

Siku za derby, Mazembe na Lupopo, tunaongezwa kuzunguka uwanja na mtihani wa kiatu ni mwingine: unakanyagwa. Umati ukitoka hauangalii chini. Ncha za viatu vyangu ni za ngozi tu, hazina chuma, na papa hawezi kuweka chuma. Alijaribu kwa bati la kopo, likajikunja na kunibana kidole gumba, nikamwambia alitoe. Kama kazi yako ni ya mgodini au ya kubeba mizigo mizito, fundi huyu si wako. Nenda ukanunue viatu vya usalama vya kweli.

Wala usimpelekee viatu vya harusi. Dada yangu alimpelekea vya visigino virefu, akavirudisha vimenyooka, imara, na vimepakwa rangi nyeusi palipokuwa na kahawia iliyokolea. Kwake rangi ni mbili, nyeusi na ile nyingine. Pia aliwahi kunikabidhi kiatu kimoja changu na kimoja cha mlinzi wa benki, vyote vyeusi, vyote 42. Vaa vyote viwili palepale, funga kamba, tembea mpaka kona na kurudi kabla hujatoa nusu ya mwisho.

Mwenzangu aliyevunjika mguu amerudi kazini, anachechemea kidogo. Mguu uliovunjika umebaki mfupi kuliko mwenzake, kidogo sana, lakini mgongo ulikuwa unamuuma kila jioni. Nikampeleka kwa papa. Alimpima kwa kumwekea vipande vya katoni chini ya mguu mfupi, kimoja juu ya kingine, mpaka kiuno kikawa sawa, akahesabu vipande, akamkatia soli ya kushoto nene kuliko ya kulia kwa unene huohuo. Hakumtoza zaidi. Mwenzangu anasema mgongo umepungua kuuma, na kwamba sasa anasimama ameangalia upande pikipiki zinakotokea, hata zamu ikiwa ya mchana.

Kwa walinzi, polisi, wauguzi wa zamu ndefu, wauzaji wa sokoni wanaosimama kutwa: nendeni. Nendeni jioni, na soksi zenu za kazi. Ukipata tairi la nyuzi mwenyewe, mpelekee, atakupunguzia hadi 18,000, na kinachobaki mwachie, atakidai hata hivyo. Alasiri za Jumamosi foleni ni ndefu. Mfuko wa plastiki wa kubebea anauza 200, kwa hiyo beba wako.